Unyayo Uliokuzwa na Jua

Picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Unyayo mmoja umezama katika theluji, mpana kupita kiasi, vidole vyake vinahesabika, na kando yake limelazwa shoka la barafu. Picha nyingine ya unyayo uleule ina buti la mpanda milima mahali pa shoka. Mwingereza Eric Shipton alizipiga Novemba 1951 kwenye mto wa barafu wa Menlung, karibu na mpaka wa Nepal na Tibet, katika safari ya kutafuta njia ya kuupanda Everest kwa upande wa kusini. Alikuwa na daktari Michael Ward na Sen Tensing, Msherpa mwenyeji wa milima ile. Sen Tensing hakusita: huyu ni yeti, yule kiumbe mkubwa wa masimulizi ya Himalaya.

Urefu wa unyayo ulikadiriwa kuwa kama sentimita 33. Habari ilipofika Ulaya ilishika moto, na mwaka 1954 gazeti la Daily Mail liligharimia msafara mzima wa kwenda kumsaka mnyama huyo. Hakuonekana.

Tuuchambue unyayo huu kwa jicho la msasi anayefuata windo. Kwanza, Shipton anastahili sifa. Aliweka kipimo ndani ya picha, jambo ambalo wengi hulisahau hadi leo. Mahali penyewe palikuwa pazuri pia, kwa kuwa theluji ilikuwa tabaka jembamba juu ya barafu ngumu, na tabaka la namna hiyo hushika umbo la mguu vizuri kuliko theluji nene inayomeza kila kitu.

Kasoro ni kwamba dunia ilipewa unyayo mmoja tu. Msasi hasomi wayo mmoja. Anasoma njia nzima. Hapo ndipo anapopata urefu wa hatua, upana kati ya kulia na kushoto, na kama mguu wa nyuma unaangukia ulipotoka wa mbele. Akina Shipton waliufuata mstari ule mwendo wa kama maili moja, kwa hiyo ushahidi ulikuwepo chini ya macho yao. Lakini picha ya mstari iliyochapishwa mara nyingi pamoja na ile ya unyayo ilikuwa ya nyayo nyingine kabisa walizozikuta siku hiyo, pengine za mbuzi wa milimani. Ward alikuja kulieleza hilo baadaye. Basi wachambuzi wa miaka mingi walikuwa wakipima hatua za mnyama mmoja na mguu wa mwingine.

Mshukiwa wa kwanza Himalaya ni dubu. Huyu hukanyaga kwa wayo mzima, kisigino hadi vidole, kama sisi, na ana vidole vitano. Anapotembea polepole mguu wa nyuma hufunika sehemu ya alama ya mguu wa mbele, na alama mbili zikiungana hutokea mguu mrefu usio wa kiumbe chochote. Kuna namna ya kumtenga dubu na mtu: kidole kikubwa cha mtu kiko upande wa ndani wa mguu, cha dubu kiko upande wa nje. Sasa rudi kwenye picha ya Shipton. Kidole kikubwa kinaonekana, lakini ni cha upande upi? Kulijua hilo lazima kwanza ujue kama mguu ni wa kulia au wa kushoto, na unyayo ulio peke yake hausemi. Picha ya nyayo mbili zinazofuatana ingetoa jibu. Kwa kukosa hiyo, wayo uleule umeitwa wa dubu, umeitwa wa nyani, na Ward mwenyewe katika uzee wake alielekea kwenye wazo la binadamu mwenye miguu iliyolemaa aliyepita pale bila viatu.

Halafu kuna jua. Sisi tuliozoea nyayo za vumbi na tope tunajua kwamba tope likikauka hubaki na umbo la mguu uliolikanyaga. Theluji haina uaminifu huo. Jua la milimani hula kingo za shimo, nyingine huyeyuka, nyingine hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Shimo hupanuka, pembe zake huviringika, na kuta nyembamba zilizotenga alama zilizo karibu huanguka kwanza. Kwa siku moja au mbili za jua kali, unyayo mdogo unaweza kuonekana wa jitu.

Mpanda milima Edmund Hillary alilithibitisha hilo, na kwangu kazi yake hii ina uzito kuliko picha ya Menlung ingawa watu wachache wanaikumbuka. Mwaka 1960 aliongoza msafara Nepal pamoja na Marlin Perkins, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park, Chicago. Kwenye mto wa barafu wa Ripimu walikuta nyayo kubwa zenye vidole, ambazo Masherpa walisema ni za yeti. Waliufuata mstari ule kutoka juani hadi ulipoingia kwenye kivuli cha miamba. Kule kivulini kila unyayo mkubwa uligeuka kuwa kundi la nyayo ndogo za mbweha. Mbweha anaporuka katika theluji laini miguu yake hutua karibu karibu. Jua lilikuwa limeziunganisha alama zake kuwa shimo moja.

Maabara nazo zimesema. Mwaka 2017 mwanasayansi Charlotte Lindqvist na wenzake walichunguza vinasaba vya sampuli tisa zilizodaiwa kuwa za yeti, zikiwemo mifupa, ngozi na nywele. Nane zilikuwa za dubu na moja ya mbwa. Hata hivyo, Aprili 2019 Jeshi la India lilitangaza kwamba wapandaji wake wameona karibu na kambi ya mlima Makalu, Himalaya, nyayo za inchi 32 kwa 15, yaani kama sentimita 81 kwa 38. Vipimo vilitolewa, picha za mstari zikatolewa, ila hakuna aliyeonyesha nyayo hizo zilivyokuwa mahali pasipopigwa na jua.

Hukumu yangu juu ya Menlung ni kwamba dubu ndiye wa kudhaniwa kwanza, na picha ile haitoshi kumthibitisha wala kumwondoa.

Theluji tunayo hata Afrika Mashariki, na wanyama huipita. Mwaka 1962 msafiri Wilfred Thesiger aliwaona mbwa mwitu watano juu kabisa ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ewe muongoza wageni wa Kilimanjaro, Mlima Kenya au Ruwenzori, ukikuta nyayo huko juu, laza fimbo yako kando yake, piga picha ya nyayo nne zinazofuatana, andika saa, kisha ufuate mstari hadi kwenye kivuli cha jiwe kabla hujamtaja mnyama.