Mkono wa Tezini

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita 20 hivi za barabara kuu, lakini maji ya miji hii miwili hayakutani. Mto Ruiru hushukia Athi, ambao hupita maporomoko ya Fourteen Falls kule Kilimambogo, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mito ya Chania na Thika huungana mjini Thika penyewe, karibu na hoteli ya Blue Post, ikaelekea Masinga kujiunga na Tana, na safari yake ikaishia Kipini.

Huko chini, kwenye Tana, Wapokomo husimama wima ndani ya mtumbwi wa gogo moja, upondo mkononi, na kuupitisha penye mkondo bila kuyumba. Sisi wa huku juu tunaijua mito kwa mfereji. Bwawa la Ruiru na lile la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, hupeleka maji Nairobi, nasi tunavuka madaraja ndani ya matatu bila hata kutazama chini. Naona tumejinyima kitu kikubwa, maana kuongoza mtumbwi ni katika kazi nzuri kuliko zote ambazo mkono wa binadamu umewahi kujifunza.

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Mtumbwi wa kafi hauna usukani hata siku moja, na hauzami. Usukani wake umo ndani ya kila pigo. Ukipiga kafi upande wa kulia, omo inakwenda kushoto. Ukipiga tena, inazidi. Anayeanza hukimbilia kubadilisha upande kila baada ya mapigo mawili matatu, na chombo kikaenda mrama bwawa zima. Mwenye ujuzi habadilishi. Huvuta kafi kwa nguvu mpaka lifike usawa wa nyonga, kisha, kabla ya kulitoa, hulizungusha: kidole gumba cha mkono wa juu kinaelekea chini, kama mtu anayemwaga makapi ya chai kikombeni, na uso uleule wa kafi uliovuta maji unayasukuma kidogo nje, mbali na ubavu. Omo inarudi ilikokuwa. Pigo limekuwa mwendo na marekebisho kwa pamoja. Wengine huzungusha kidole gumba juu na kutumia mgongo wa kafi. Mtumbwi unanyooka, kweli, lakini umevunjwa kasi.

Kazi hii ni ya anayekaa tezini, na sababu yake inapendeza. Chombo kikienda mbele, maji huibana omo na kuiacha tezi huru, hivyo msukumo mdogo wa nyuma hugeuza chombo kizima. Wa mbele ana macho. Wa nyuma ana uamuzi. Akitaka kona pana, huchora upinde mbali na ubavu. Akitaka kusogea kando kukwepa jiwe, hutumbukiza kafi mbali na kuyavuta maji kuelekea kwake. Yote haya hujifunzwa vizuri kwenye maji yaliyotulia, na mabwawa madogo ya mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika yangefaa sana, mwenye shamba akikubali.

Mtoni mambo hubadilika. Mtumbwi unaokwenda kasi sawa na mkondo hauongozeki kwa kuburuta kafi nyuma, kwa sababu hakuna maji yanayopita kwenye kafi hilo. Sharti uende kasi kuliko mto, au polepole kuliko mto. Na kuvuka si kuelekeza omo ng'ambo, kwani mkondo utausomba mtumbwi ubavu ubavu. Elekeza omo mto unakotoka, igeuze kidogo upande unaoutaka, kisha piga kafi kupanda. Mkondo wenyewe, ukisukuma ubavu uliokaa mshazari, utakuhamisha hadi ukingo wa pili. Mshazari ukizidi kidogo tu, umechukuliwa. Mara ya kwanza nilipohisi jambo hili miguuni, mto ukinivusha kwa nguvu zilezile zilizotaka kuniteremsha, nilifurahi furaha ambayo bado ninayo.

Fourteen Falls kuna vijana wanaovusha wageni kwa mashua. Wengi wetu huwaona kama sehemu ya matembezi ya Jumapili, tukawalipa na kuondoka na picha. Mimi nawahesabu kuwa mafundi. Ningependa shule za Thika na Ruiru ziwaite wawafundishe watoto: kwanza kuogelea na kuvaa jaketi la kuokolea maisha, kisha kafi, bwawani, upande mmoja tu bila kubadilisha, mpaka mtumbwi unyooke.