Karatasi Juu ya Ufa

Ukuta mtupu si jambo la zamani sana Kagera. Msonge wa Kihaya haukuwa nao: nyasi za paa zilishuka mpaka chini, na ndani vyumba viligawanywa kwa matete. Pambo lilikuwa kwenye ufumaji wenyewe. Ukuta wima, mweupe, unaosubiri kubandikwa kitu, ulienea baadaye na nyumba za matofali, miaka mingi baada ya Mapadre Weupe kufungua misheni ya Kashozi mwaka 1892.

Ndiyo maana siwacheki wanaohangaika nao. Nimeingia vyumba vingi vya kupanga Bukoba mjini, na sebule nyingi za Muleba. Kuna kalenda, kuna Moyo Mtakatifu wa Yesu, halafu kuna karatasi: manila imekunjwa mara tatu, imekatwa kwa mkasi, imefunguliwa ikawa nyota.

Nyingi ni dhaifu, tuseme ukweli. Kukunja kumefanya kazi ya mkono. Mkasi unakata mara moja, karatasi inajibu mara nane, na jicho limemaliza kusoma kabla hujakaa kwenye kochi. Vipepeo ndiyo kabisa. Vinapanda mshazari kutoka swichi ya taa kwenda dirishani. Nimeviona Kashai, nimeviona Kamachumu, na naamini vyote vimeruka kutoka simu moja.

Kazi ninayoitetea iko kwa shangazi yangu, Muleba. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya kumi mkoani na kuharibu maelfu ya nyumba. Yake ilibaki na ufa kutoka kona ya dirisha hadi darini. Fundi alipiga plasta, ufa ukarudi. Basi shangazi akachukua mfuko wa simenti ileile, akakata majani ya mgomba bila kukunja, kwa jicho tu, yakiwa yamechanika pembeni kama upepo wa ziwa unavyoyachana. Akayabandika kwa uji wa muhogo kulia na kushoto. Ufa ukawa shina.

Mwaka 1946, Henri Matisse, mzee wa miaka 76, alikata mbayuwayu kutoka karatasi ya barua akambandika ukutani kwake Paris kufunika doa. Akaongeza samaki, akaongeza mwani, mpaka kuta zikawa kazi inayoitwa Oceania. Ni kazi kubwa kuliko ya shangazi, sibishi. Ila doa halitembei. Ufa unatembea, na kuufunika katika mkoa uliokwisha kutikiswa ni hatari. Pambo zuri linaweza kumlaza mtu chini ya ukuta unaofunguka.

Nilimuuliza hilo, baada ya shikamoo na kahawa. Akainua jani moja kama pazia. Majani yote yamegundishwa ukingo wa nje tu. Chini yake kuna mistari ya penseli inayokatiza ufa, kila mmoja na tarehe yake. Hakuona kama hilo ni sehemu ya urembo. Mimi naona ndilo lenyewe.

Masika yaliyopita majani mawili ya juu yalidondoka kwa unyevu. Amekata mapya, makubwa kupita kiasi kwa maoni yangu, na nimemwambia.