Katekisimu ya Udongo

Mwaka 1844 mkemia wa Scotland, James F. W. Johnston, alitoa kijitabu cha kufundishia kemia na jiolojia ya kilimo shuleni, akakipa umbo la katekisimu: swali, jibu, swali, jibu. Kilichapishwa tena na tena.

Umbo hilo lina kasoro inayoonekana mapema. Anayeuliza ni mwalimu, na jibu analo tayari. Asiyejua ndiye anayetakiwa kujibu. Lakini tazama maswali yanapoanzia. Hayaanzi na elementi wala atomu, yanaanza na mkulima: shambani anatafuta nini? Mavuno mengi, gharama ndogo, na ardhi isichoke. Kemia inaitwa baadaye, ije ifanye kazi. Vitabu vyetu vingi vya kidato cha kwanza bado havijathubutu kufuata mpangilio huo.

Kisha maswali yanakatizwa. Mwalimu anaambiwa achome kipande cha bua kwenye mshumaa, na darasa zima litazame. Kilichoungua ni sehemu ya kioganiki. Majivu yaliyosalia ni madini. Kwa mara ya kwanza jibu halitoki kinywani mwa mtu, na kwa maoni yangu hapa ndipo kijitabu kinapofika kilele chake. Moto umeigawa mada yote: kaboni imerudi hewani ilikotoka, potasiamu, kalisi na fosforasi zimebaki kwenye majivu, nazo mmea ulizivuta udongoni. Mtoto ameuona muundo wa sura zijazo kabla hajazisoma.

Mgawanyo huo ni mzuri mno, na uzuri wake unaficha jambo. Naitrojeni haitii. Sehemu yake kubwa mmea huipata kupitia mizizi, lakini bua likiungua, naitrojeni hupotea pamoja na moshi. Katika hesabu ya moto imewekwa upande mmoja na kaboni, ilhali shambani hasara za hizo mbili hazifanani: kaboni mmea utaivuta tena hewani bure, naitrojeni itabidi irudishwe kwa samadi, kwa kunde au kwa mbolea ya dukani. Anayechoma mabua ya mahindi kila msimu, akaridhika kwa kuwa majivu yamebaki, amefuata mgawanyo huohuo.

Johnston aliijua naitrojeni na aliieleza. Ila mwanafunzi aliyeutazama moshi ukipaa, akataka kujua umechukua nini, katekisimu haikumwachia mstari wa kuuliza.