Al-Inkishafi na Moyo Unaokata Tamaa

Huku Mgeta, milimani Uluguru, mvua ikibomoa tuta moja la kabichi, moyo humwambia mkulima: "Shamba lote limekwisha." Matuta tisa yaliyosimama hayaoni. Maradhi haya ndiyo yaliyonirudisha kwenye Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir.

Wengine husema utenzi huu huzidisha huzuni, kwa kuwa unaeleza majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, popo na ndege wakawa ndio wenyeji. Sikubaliani nao. Mtunzi hakuuacha moyo wake useme peke yake. Aliuita, akauuliza, akaukemea. Hapo pana ilimu kubwa: moyo si kadhi. Ni shahidi wa kuhojiwa, na mara nyingine husema uwongo.

Ila nina neno. Beti za mwisho huhesabu mioto ya Akhera, kisha utenzi hukatika. Imamu Ghazali, katika Ihya, aliweka khofu na matarajio katika kitabu kimoja, akayafananisha na mabawa mawili. Mwenye moyo mzito akiishia pale utenzi unapoishia, huondoka na bawa moja.

Basi enyi walimu, mkiusomesha msikomee motoni. Endeleeni na Suratu Zumar, Mola anapowakataza waja waliojidhulumu kukata tamaa na rehema Yake. Na mkulima wetu ahesabu matuta yaliyosimama, kisha ashike jembe.

Wallahu aalam.