Matundu ya Kiwavi: Uhakiki wa Kitabu Shirikishi cha Watoto Wadogo

Vitabu vya picha vya watoto wasiojua kusoma havitajwi sana katika masomo yetu ya fasihi. Wengi huviona kama vichezeo vya chekechea. Makala haya yanahakiki kimojawapo, The Very Hungry Caterpillar cha Mmarekani Eric Carle (1969), kwa kuwa kinamsaidia mtahiniwa kuielewa dhana ya hadhira, na kwa kuwa kukileta kwa Kiswahili si kazi ya kamusi pekee.

Msuko ni mwepesi. Kiwavi anaanguliwa Jumapili. Jumatatu anakula tunda moja, Jumanne mawili, hadi matano siku ya Ijumaa. Jumamosi anavamia vyakula kumi, keki na soseji zikiwemo, na tumbo linamuuma. Jumapili anakula jani la kijani, anapona, anajifungia, kisha anatokea kipepeo. Kurasa za matunda zinaongezeka upana, na kila tunda lina tundu linalotosha kidole cha mtoto. Mtoto haelezwi tu kwamba tunda limeliwa. Kidole chake ndicho kiwavi.

Watahiniwa hukariri kwamba hadhira ya fasihi simulizi ni tendi na ile ya fasihi andishi ni tuli. Kitabu hiki kimeandikwa na kuchapwa, lakini hakikamiliki bila mzazi anayesoma kwa sauti kama fanani, na mtoto anayetia kidole, anayehesabu na kudai kisomwe tena. Carle aliendelea na mbinu hiyo. Katika kitabu chake cha buibui (1984), utando umeinuka juu ya karatasi ili upapaswe. Katika kile cha nyenje (1990), ukurasa wa mwisho hutoa mlio. Binafsi naupenda utando kuliko mlio, kwani betri ikiisha nyenje amekufa.

Tatizo kubwa la tafsiri ni siku. Kwa Kiingereza, jina la siku halimwambii mtoto idadi yoyote. Kwa Kiswahili, jina lenyewe ni hesabu. Mfasiri anayefuata neno kwa neno atasema Jumatatu tunda moja, Jumanne mawili, Jumatano matatu, na mtoto anayejifunza kuhesabu atavurugwa. Ningependekeza kiwavi wetu aanguliwe Ijumaa. Jumamosi ale moja, Jumapili mawili, Jumatatu matatu, Jumanne manne, Jumatano matano. Alhamisi avimbiwe, na Ijumaa apumzike na jani lake. Juma letu linaupokea msuko huu vizuri kuliko juma la Carle mwenyewe! Atakayepinga kwamba juma la shule huanza Jumatatu akumbuke kuwa wasomaji hawa hawajaanza shule.

Hata siku zikirekebishwa, huku kwetu Nakuru linabaki suala la mhusika. Kwa mtoto wa mkulima wa Njoro au Rongai, kiwavi ni adui. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie Kenya mwaka 2017, matundu katika majani ya mahindi yamekuwa dalili ya hasara. Huyo, isitoshe, hugeuka nondo, si kipepeo wa rangi za kupendeza. Je, mtoto huyu amwonee kiwavi huruma?

Nadhani anaweza, ila mwalimu asiharakishe kutaja dhamira. Fisi wa hekaya zetu huponzwa na ulafi wake: huanguka, huchekwa, hupigwa. Kiwavi wa Carle anaumwa tumbo usiku mmoja tu, kisha anapewa mabawa. Kula kwake ndiko kukua kwake. Mtahiniwa akiandika kwamba mwandishi anakashifu ulafi, atakuwa amemhakiki fisi. Na mfasiri atakayeongeza onyo mwishoni ili kuwaridhisha wazazi wenye mashamba atakuwa ameandika kitabu kingine. Mahindi yanaweza kuingizwa kwa njia nyingine: jani lile la mwisho lichorwe kama jani la mhindi, lenye tundu.