Kahawa Ilipopanda Bei, Mfumo wa Malipo Ulijibuje?

Vihatarishi vya chama cha msingi cha kahawa kila mtu anaweza kuvitaja: ukame, mnyauko, bei kuporomoka, mkopo wa benki kushindwa kurejeshwa. Bei kupanda haimo. Huhesabiwa bahati, na bahati haipangiwi bajeti.

Kisha ukaja mwaka 2024. Ukame wa Vietnam, mzalishaji mkubwa wa robusta duniani, ulisukuma bei katika soko la London ikavuka dola 4,000 kwa tani mwezi Aprili na dola 5,000 mwezi Septemba. Kwa Nkwenda, mkoani Kagera, ambako robusta hukaushwa na kuuzwa na maganda yake, fursa hiyo ilibisha hodi msimu wenyewe wa mavuno.

Tuanze na mfumo uliotangulia. Mwaka 2018 Serikali ilielekeza kahawa ipitie ushirika. Mkulima alipeleka kilo zake AMCOS, yaani chama chake cha msingi, akapokea malipo ya awali yatokanayo na mkopo, chama kikuu kikauza, na ziada ikarudi baadaye kama malipo ya pili. Ni mfumo uliojengwa kumwogopa mnunuzi anayeshusha bei: malipo ya awali yakiwa madogo, mkopo uko salama. Sasa tuchukulie mkulima amepewa shilingi 1,200 kwa kilo, na thamani sokoni imeruka hadi 3,000. Shilingi 1,800 zimebaki ahadi, ilhali ng'ambo ya mto Kagera, nchini Uganda, biashara ya kahawa ni huria tangu miaka ya 1990 na mnunuzi anatoa taslimu. Magendo yanashamiri, chama kinabaki na deni bila kahawa. Habari njema imegeuka hasara.

Minada iliyosogezwa Kagera miaka ya karibuni, badala ya kila kitu kungoja Moshi, ilibadili hesabu hiyo. Kahawa inakusanywa, wanunuzi wanashindana, makato yanatolewa, mkulima analipwa kwa bei ya siku ile. Kwa lugha ya wasimamizi wa miradi, faida imegawanywa mapema kwa yule mwenye uwezo wa kuilinda, kwa sababu ndiye anayeamua gunia lielekee wapi. Gharama ipo: bei ikishuka, nayo inamfikia bila kinga yoyote.

Mnada haumfikii aliyekwisha kuuza kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado mtini. Huyo aliuza pamoja na kupanda kwa bei. Ada za Januari hazingoji mavuno ya Mei, kwa hiyo dawa yake ni mkopo mdogo wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo. Marufuku ya butura peke yake haimlipii mtoto ada.

Wapo wanaotaka kuikuza fursa kwa kupanda miche mipya. Sawa, ila mche unahitaji miaka kadhaa kabla ya kulipa, na kufikia hapo bei inaweza kuwa imeshuka. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei hadi kilele cha 1977, kisha ikashuka.

Tofauti ya bei mpakani AMCOS haina mamlaka nayo. Hilo lifikishwe wilayani na wizarani mapema. Kilicho mikononi mwake ni mstari mmoja kwenye daftari la vihatarishi: bei ikivuka kiwango fulani minada miwili mfululizo, nani anaitisha mkutano, kiasi gani kinalipa deni na kiasi gani kinakarabati ghala. Mstari huo uandikwe kabla ya Mei.