Fundi Viti na Land Rover ya Zamani

Land Rover iliyowahi kubeba dagaa haina siri. Utaipaka rangi upya, utaivalisha matairi mapya, utaing'arisha taa. Siku ya kwanza itakayoshinda juani milango ikiwa imefungwa, sponji ya siti itatoa ushahidi wote. Gari la namna hiyo nililikuta kwa fundi mmoja wa Nyakato, jijini Mwanza. Siti zake zilikuwa zimetolewa nje na kupangwa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, naye akichana mshono wa pembeni kwa wembe, taratibu, bila kurarua. Ndani ya sponji iliyogeuka unga wa kahawia zilitoka mbegu za pamba, maganda ya karanga, mchanga wa ufukweni na sarafu ya senti hamsini, ile yenye sungura. Mwenye gari aliifurahia sarafu. Fundi alikuwa anaangalia plaiwudi ya chini, akipitisha kidole kwenye matundu ya pini moja baada ya jingine, kujua kava la kwanza lilivutwa kutoka upande gani.

Makanika anasifiwa na kila mtu, kwa kuwa injini ikiwaka mtaa mzima unasikia. Fundi viti kazi yake ikiwa nzuri haisikiki. Unakaa, unaendesha, unashuka, na wala hukumbuki kwamba kuna mtu alikaa siku kadhaa akibishana na kipande cha ngozi bandia. Ndiyo maana nataka kumsifu yeye.

Kazi yake haieleweki bila kulijua gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alitaka gari la shambani, na Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na chuma cha mgawo, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndani hakukuwa na cha kuringia: bati tupu, mito mitatu ya kukalia mbele, na mageji yaliyopachikwa katikati ya dashibodi ili bati lile lile lifae kwa usukani wa kulia na wa kushoto. Mageji yalibaki katikati hadi mwaka 1971, Series III ilipotoka na boksi la plastiki mbele ya dereva. Vioo vya milango ni vya kusukuma pembeni. Ukirudi kutoka safari ya matope unachukua ndoo, unamwaga maji sakafuni, unafagia. Thubutu kufanya hivyo kwenye gari la leo.

Gari la aina hiyo lilifaa sana Usukumani. Vyama vya ushirika wa pamba vilipoungana mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, njia nyingi za vijijini zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope jeusi la mbuga wakati wa masika, na mwenye shughuli huko ndani, awe bwana shamba, padri au mganga, alihitaji gari la kufika. Wengine walitumia Land Rover hizo kwenye hifadhi ya Serengeti. Baadaye zikauzwa kwa mnada, zikaingia mikononi mwa wafanyabiashara, zikabeba samaki, saruji, bibi harusi na majeneza. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, dereva wa kwenda Sengerema au Geita alisubiri kivuko, na kama foleni ilikuwa ndefu alijinyoosha kwenye ile mito mitatu ya mbele, miguu ikitokeza mlangoni. Ziwa nalo limezitendea wema: maji yake hayana chumvi, kwa hiyo chesisi nyingi ambazo Dar es Salaam au Tanga zingekuwa zimeliwa zamani, huku bado zinasimama. Vilivyokufa ni vya ndani. Jua letu la karibu na ikweta linapasua ngozi bandia, joto linaikausha raba, na sponji, kama tulivyoona, inakunywa kila kitu.

Siku hizi vya ndani hivyo vinatengenezwa upya Uingereza kwa kufuata vya zamani: siti nzima, kava peke yake, paneli za milango, raba za kuzunguka milango, mikeka ya sakafu, hata vile vichwa vya gia, cha njano na chekundu. Sokoni kwetu kipuri ni orijino au ni feki, na watu hawataki kusikia zaidi. Nakala haipo kwenye mizani hiyo. Haijidai kuwa imetoka kiwandani mwaka 1965. Imetengenezwa jana na inakiri hivyo, ila imefuata umbo na kazi ya ile ya kwanza. Mimi naiheshimu kuliko orijino iliyopasuka ambayo mtu anaikumbatia kwa sababu ya jina.

Boksi la vipuri hivyo likifika Mwanza, mwenye gari hudhani mambo yamekwisha. Hapo ndipo yanapoanza. Nakala imefuata mchoro, na gari la miaka sitini limekwisha kuuacha mchoro. Limewahi kutumbukia kwenye daraja la magogo. Limewahi kuvutwa kwa mnyororo likiwa limepinda. Mtu fulani alichomelea kipande, mwingine akatoboa matundu ya redio, mwingine akayaziba. Upande wa kulia na wa kushoto hawasalimiani tena. Unaweka paneli mpya ya mlango, tundu la juu linakubali, la chini linakataa kwa nusu sentimita. Mwenye haraka anachukua drili.

Raba ya mlango ndiyo iliyonifundisha tofauti kati ya mwenye haraka na fundi. Raba mpya ni nene, haijalala bado, na mlango unagoma kufunga mpaka uupige bega. Wengi huikata au huikwangua kwa wembe ipungue, kisha masika ya kwanza maji yanaingia na lawama zinakwenda kwa nakala. Fundi wa Nyakato alichana ukanda wa gazeti, akauweka kati ya raba na mlango, akafunga, akavuta. Ukanda ulitoka bila ubishi. Akasogea kidogo, akavuta tena; ukateleza kwa shida. Alipofika kona ya nyuma ukachanika. Akauzunguka mlango mzima hivyo, akiweka alama za chaki kwenye bodi, na alipomaliza alama zilionesha wazi kwamba mlango umening'inia upande wa kitasa. Raba haikuwa na kosa. Akalegeza bolti za bawaba, akaweka jeki chini ya mlango juu ya kipande cha ubao, akaunyanyua kiasi cha kuonekana kwa jicho tu, akakaza. Raba ile ile iliyokuwa imekataa ikakubali. Kumbe mwenye kuhitaji matengenezo alikuwa mlango, na kipuri kipya kilikuja kutoa taarifa.

Mwenye gari akauliza, "Fundi, sasa hapo umefunga nini?"

"Bado, mzee. Napima kwanza."

Kwenye siti ufundi wenyewe unahamia kwenye mkasi. Kava la zamani linachanwa mshono kwa mshono ili liwe kielelezo, lakini kielelezo hicho nacho ni mwongo. Kava la dereva limevutika ubavu wa mlangoni, kwa kuwa kila anayeshuka huteleza kupitia ubavu huo, mwaka hadi mwaka. Ukilifuata lilivyo, unashona siti iliyochoka tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo fundi hulilaza kwenye karatasi ya boksi, akachora nusu ile isiyochoka, akakunja karatasi katikati na kukata nusu mbili kwa pamoja. Sponji anaikata ikizidi ubao kidogo, kama sentimita moja kila upande, ili kava lipate kitu cha kulikaza. Halafu analianika kava juu ya boneti. Ngozi bandia ikiwa baridi inabisha na kufanya mikunjo. Ikipata moto inalegea na kuvutika. Wenzetu wa nchi za baridi wanatafuta mashine ya kukaushia nywele. Mwanza saa saba mchana haikudai hata shilingi.

Kuvuta kwenyewe kuna utaratibu usiojadiliwa. Pini ya kwanza katikati mbele, ya pili katikati nyuma, kisha kulia, kisha kushoto, halafu unarudi mbele na kuongeza moja kila upande wa ile ya kwanza. Kona zinasubiri mwisho. Anayeanza na kona hujikuta na mkunjo katikati, na mkunjo wa katikati hauna tiba isipokuwa kung'oa zote. Nilimwona fundi akipitisha kiganja juu ya mto uliokwisha kupigwa pini, macho yakiwa kwingine kabisa, akasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu, akang'oa pini tatu.

Sasa niseme lisilopendwa. Mtindo wa mjini ni kushona siti kwa mraba wa almasi, uzi mwekundu, na jina la gari limetariziwa kwenye egemeo. Kwenye magari ya kisasa sina neno. Kwenye Land Rover ya 1965 naona ni kuivalisha joho. Gari hili liliundwa liwe wazi, lifuliwe, lisione haya kukaliwa na mtu mwenye matope. Ukiliwekea kitu ambacho dereva anaogopa kukichafua, umelibadilisha kazi. Mafundi wengi watakushonea hayo maua kwa furaha, kwani yana faida kubwa na yanaonekana. Kuacha siti iwe kijivu tupu, mshono mmoja ulionyooka, ni kazi ngumu zaidi kwa sababu hakuna ua la kuficha kosa. Kuhusu sponji, hata hivyo, mimi si mtu wa sheria kali. Ile mito ya mwanzo ilikuwa myembamba, na mgongo wa mtu anayekwenda Magu na kurudi una haki zake. Sponji nzito zaidi ndani, umbo lile lile nje. Hapo nakubaliana na fundi.

Lipo jambo jingine ambalo mwenye gari halioni hadi siku ya taabu. Giaboksi ya Land Rover hizi za zamani hutolewa kupitia ndani ya gari. Makanika hung'oa sakafu na lile boksi la bati linaloshikilia siti, kisha huinyanyua giaboksi na kuipitishia mlangoni. Fundi viti aliyebandika kapeti kwa gundi juu ya skrubu hizo amemwekea mwenzake mtego. Yule wa Nyakato hupiga skrubu zote kwenye matundu yao ya asili, huzipaka grisi, na mkeka anaulaza bila gundi. Kapeti nene haitaki kabisa. Ikishika maji inayahifadhi pale ambapo alumini imegusana na chuma, na hapo alumini, ambayo haipati kutu ya kawaida, huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Nimeona sakafu iliyopambwa vizuri sana juu, na chini yake kidole kinapita.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na mamia ya magari yakajipanga barabarani, mengine ya umri wa babu. Watu walipiga picha bodi na rangi, na ndivyo ilivyo. Kwa fundi wetu magari kama haya huja kwa nadra. Anayemlisha ni bodaboda: siti ya pikipiki, mto mmoja, kava moja, kazi ya muda mfupi na mteja anasubiri amesimama. Bajaji na daladala zinafuata. Huko ndiko vijana wake wanakojifunza, kwa kuwa ngozi bandia ya siti ya pikipiki ni ndogo na ikiharibika hasara inavumilika. Land Rover ikiingia uani, kazi zinagawanywa upya. Mmoja anang'oa pini za zamani, mwingine anapiga msasa bati la chini ya siti. Mkubwa wao, ambaye bodaboda anazimaliza peke yake, ameruhusiwa kukata sponji. Kukata kava bado.